Mbio za sakafuni: Je, gari kubwa la kifahari laweza matope ya Mara?

Msomaji mpenzi, hebu siku moja ya shule simama kando ya Waiyaki Way au Ngong Road hapa Nairobi, saa moja asubuhi, utazame magari yanavyopita. Hutakosa kuona gari moja kubwa, refu kama kabati la nguo, lenye vioo vyeusi na magurudumu yanayomfika mtoto kiunoni, limebeba watu wawili tu: mzazi aliyeshika usukani na mwanafunzi wa gredi ya pili na mkoba wake. Likifika kwenye tuta la barabarani linapunguza mwendo na kulipanda polepole, kwa adabu, mithili ya bibi harusi anayechelea kuchafua gauni lake.

Gari hilo hilo, katika matangazo ya biashara, huonyeshwa likiparamia majabali, likirusha maji ya mto pande zote na kuacha vumbi nyuma yake jangwani. Mnunuzi huambiwa kwamba akiwa na gari hili hakuna mahali atashindwa kufika. Naye hulipa mamilioni ya shilingi kwa ahadi hiyo, hata kama safari yake ndefu kuliko zote ni ya kwenda Naivasha kula samaki.

Je, ahadi hiyo ni ya kweli? Swali hili si la matajiri peke yao. Siku hizi familia nyingi za mjini hukodi gari kubwa kwa siku mbili tatu, au huliazima kwa mjomba, zikapakia watoto na kwenda kuwaona wanyama. Ahadi ikiwa ya uongo, wanaokwama gizani nyikani si waliotengeneza tangazo bali ni mama, baba na watoto.

Heshima ya gari kubwa

Tangu zamani gari kubwa limekuwa kipimo cha cheo nchini Kenya. Katika miaka ya 1990 mheshimiwa aliyekuwa na Pajero, ile iliyojulikana kwa jina la Intercooler, alikuwa ameula. Baadaye zikaja Prado, zikaja Land Cruiser za V8, na leo wenye uwezo zaidi huonekana katika Range Rover. Hata katika mazishi mashambani, watu huyahesabu magari hayo kwanza ndipo waulize marehemu aliugua nini.

Mnamo Juni 2009, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, alitangaza katika bajeti kwamba mawaziri wangepewa magari yenye injini isiyozidi saisi 1800, na serikali ikanunua Volkswagen Passat. Walikuwepo waliosita kuyaachilia magari makubwa. Hoja ya wapendao magari hayo, wakati huo na hata leo, ni kwamba barabara za mashambani ni mbovu na gari dogo haliziwezi.

Basi tuipime hoja hiyo njiani. Twende Maasai Mara.

Kutoka Nairobi hadi Sekenani

Ukitoka Nairobi kupitia Kikuyu na Limuru, unaiacha barabara kuu pale Rironi na kuanza kuteremka Bonde la Ufa. Hapo wafanyabiashara huuza kofia za ngozi ya kondoo na mablanketi, na Mlima Longonot, wenye kimo cha mita 2,776, husimama kama chungu kilichovunjika mdomo. Chini kabisa ya mteremko kuna kanisa dogo lililojengwa mwaka wa 1942 na Waitaliano waliokuwa wafungwa wa vita. Ukifika Maai Mahiu unapinda kushoto, unapita chini ya Suswa, unakata mashamba ya ngano ya Ntulele, na baada ya kilomita 140 hivi tangu utoke Nairobi unaingia mji wa Narok.

Katika safari yote hiyo, gari kubwa halikuzidi gari dogo kwa chochote, ila kwa kunywa mafuta. Tena ukitazama vizuri pale Narok utaona ni gari gani hasa linalofanya kazi ngumu ya eneo hilo. Si la kifahari. Ni Toyota Probox, lile boksi linalobeba abiria, magunia ya viazi na mbuzi mmoja nyuma, kisha linaingia vichochoro ambavyo mwenye gari la mamilioni angeshuka kwanza akavikagua kwa miguu.

Kutoka Narok unafika Ewaso Ng'iro, unapinda kushoto, na kuelekea lango la Sekenani. Wasomaji wenye umri watakumbuka jinsi njia hii ilivyokuwa mateso. Ilikuwa na migongo midogo midogo kama ya mabati ambayo ilitikisa meno na kulegeza kila msumari wa gari. Leo imetiwa lami hadi langoni. Kwa hiyo, msomaji, gari la aina yoyote lenye breki nzuri litakufikisha Sekenani.

Kazi inaanza ukishapita lango. Wahenga walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni, na pale ndipo penye ukingo.

Udongo mweusi

Mbuga ya Maasai Mara ina ukubwa wa kilomita mraba 1,510, na sehemu kubwa ya njia za ndani ni za udongo mtupu. Upo ule udongo mweusi ambao wataalamu huuita wa pamba. Wakati wa kiangazi ni mgumu kama saruji na hupasuka nyufa za kuingia mkono. Mvua ikinyesha, chembe zake hunywa maji na kuvimba, na juu yake pakawa na utelezi kama wa sabuni. Udongo huo hushika tairi, hujaza mikato yake yote, na tairi hubaki laini kama chupa. Hapo unaweza kuwa na injini yenye nguvu za farasi 400, zote zikaishia kuzungusha chupa nne.

Ili ujue ni gari gani litapita, sharti uyajue mambo manne. Nayaeleza kwa lugha nyepesi ili hata mwanafunzi asiyewahi kushika usukani aelewe.

La kwanza ni tairi. Gari la kifahari la leo huvalishwa ringi kubwa, inchi 20 hadi 22, na tairi lenye ubavu mfupi. Hupendeza sana mjini. Lakini ubavu mfupi hupasuliwa na jiwe upesi, na tena dereva hawezi kuipunguzia hewa tairi ya namna hiyo ili itanuke na kushika matope vyema. Magari ya kazi hutumia ringi ya inchi 16 au karibu na hapo, tairi yenye ubavu mrefu na mikato mikubwa. Ukipata pancha Narok utapata nyingine. Ile ya inchi 22 utaisubiri itoke Nairobi. Zaidi ya hayo, magari mengine ya kifahari hubeba spea ndogo ya muda tu, na mengine hayana spea kabisa.

La pili ni difu. Gari likipinda, gurudumu la nje huenda mbali kuliko la ndani, kwa hiyo kuna chombo katikati, difu, kinachoruhusu kila moja lizunguke kwa mwendo wake. Ubaya wake ni kwamba gurudumu moja likiteleza, nguvu zote hukimbilia huko, na lile lililoshika ardhi hubaki limesimama. Ndiyo maana magari ya kazi huwekewa kifaa cha kufunga difu ili magurudumu yote yavute pamoja. Mengi ya magari ya kifahari hutegemea kompyuta ambayo hulifungia breki gurudumu linaloteleza. Mbinu hiyo ni nzuri, lakini ikifanya kazi kwa muda mrefu matopeni breki hupata moto.

La tatu ni gia ndogo, ile inayofanya gari litambae kwa mwendo wa kinyonga likiwa na nguvu nyingi. Hapa ndipo utakapojua nani ni nani. BMW X5, tangu ilipotoka mwaka wa 1999, haijapata kuwa nayo. Porsche Cayenne ilitoka mwaka wa 2002 ikiwa nayo, lakini ile ya 2010 ikaachana nayo, maana watengenezaji wanajua wateja wao huenda wapi. Range Rover, Land Cruiser kubwa na Mercedes ya aina ya G bado zinayo.

La nne ni uzito. Gari la kifahari lina viti vya ngozi vyenye mota, vioo vizito na mitambo chungu nzima. Uzani wake hufika tani mbili na nusu bila abiria. Kwenye lami uzito huo huleta utulivu. Kwenye tope, huzamisha.

Ukoo ni wa kweli

Tusiwaonee, hata hivyo. Magari haya hayakuzaliwa katika kumbi za maonyesho. Land Rover ya kwanza ilizinduliwa mwaka wa 1948 ikiwa gari la mkulima. Toyota ilitengeneza baba wa Land Cruiser mwaka wa 1951. Range Rover yenyewe, ilipotoka mwaka wa 1970, ilikuwa na viti vya plastiki na sakafu ya kuoshwa kwa mpira wa maji baada ya kazi shambani. Miaka miwili baadaye Range Rover mbili zilimaliza safari ya kutoka Alaska hadi ncha ya kusini ya Argentina zikiwa na wanajeshi wa Uingereza. Zilipita katikati ya msitu na vinamasi vya Darien, kule Panama na Colombia, mahali pasipokuwa na barabara hadi leo. Kipande hicho kiliwachukua siku karibu 100, na hata humo difu zilivunjika na msaada ukaitwa.

Hivyo jina ni la kweli. Kilichobadilika ni mavazi na tabia. Mjukuu amerithi jina la babu aliyekuwa mwindaji, lakini yeye mwenyewe hajawahi kulala nje. Anao mwili wa kuwinda, ila amevaa viatu vya kwenda dansi.

Tena kumbuka historia yetu wenyewe. Safari Rally ilianza mwaka wa 1953, na kwa miongo mingi ilipita katika matope na vumbi ambalo dunia nzima ililiogopa. Nani walishinda? Mwaka wa 1954 ilikuwa Volkswagen, kale kagari kenye umbo la kobe. Joginder Singh alishinda kwa Volvo mwaka wa 1965, na kwa Mitsubishi Lancer mwaka wa 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda kwa Datsun mwaka wa 1973, kisha mfululizo kutoka 1979 hadi 1982. Yote hayo yalikuwa magari ya umbo la kawaida. Naam, yaliimarishwa na kuinuliwa, lakini kilichoyapitisha zaidi ni madereva walioijua njia kama mtu anavyoujua mlango wa nyumbani kwake.

Na wale wa mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka wa 1989 kuchangisha pesa za ua wa Aberdare, hufanya nini na magari yao makubwa? Wengi huvua anasa zote. Hutoa viti, mazulia na vioo, wakaweka vyuma, tairi za kazi na mashine za kuvutia kamba. Anayejua kazi ya nyikani hutupa kile ambacho mnunuzi wa mjini amekilipia.

"Yote manne yako matopeni, bosi"

Msimu mmoja wa mvua za masika nilikuwa ndani ya vani ya watalii, nje kidogo ya mbuga upande wa Talek, yapata saa kumi na moja jioni. Mbele yetu tulikuta gari kubwa jeusi la thamani limezama hadi kwenye milango. Ndani mlikuwa na watoto watatu wakila biskuti kimya, na mama yao amemshika mdogo. Baba yao alikuwa kwenye usukani akikanyaga mafuta, nalo gari likinguruma na kurusha tope hadi kwenye paa.

Dereva wetu, mtu wa makamo aliyezoea njia hizo, alivua viatu na kumwendea taratibu.

"Bosi, wacha kukanyaga mafuta. Unalichimbia kaburi."

"Lakini hili ni la magurudumu manne," bwana yule akasema.

"Ni kweli. Na yote manne yako matopeni, bosi."

Hakusema kwa kejeli, naye mwenye gari hakukasirika. Walikata shauri pamoja. Vijana wawili wa Kimaasai waliokuwa wakirudisha ng'ombe nyumbani walileta mawe wakayapanga chini ya magurudumu. Mmoja wao alituonyesha mahali ambapo wenyeji hupita, hatua 50 tu kutoka pale, palipokuwa na changarawe chini ya nyasi. Mwishowe pikapu kuukuu ya mfanyabiashara wa kondoo, yenye tairi nyembamba ndefu na rangi iliyokwisha, ndiyo iliyofunga kamba ikalivuta lile jeusi hadi nchi kavu. Jua lilikuwa limeshazama. Watoto walipiga makofi.

Nililolishika pale ni kwamba gari lile halikuwa bovu. Lilikuwa na injini nzuri na gia zote. Lilikosa tairi za kufaa na mtu wa kumwambia dereva wake apite wapi. Pikapu ilikuwa na vyote viwili.

Maji hayana heshima

Tope hukuchelewesha na kukuaibisha. Maji huua. Hapa ndipo sifa za gari kubwa zina hatari ya kweli, kwa sababu humpa dereva ujasiri asiostahili kuwa nao.

Watengenezaji wa Range Rover husema gari lao laweza kupita katika maji ya kina cha sentimita 90. Sawa. Lakini kipimo hicho ni cha maji yaliyotulia, yenye ardhi ngumu chini yake. Mto wa Mara, Talek au lagga ya kaskazini ikishuka na mvua haina utulivu wala sakafu.

Mwanafunzi, chukua kalamu. Gari lenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 2 likizama sentimita 40 za bodi yake, linasukuma kando mita 4 za ujazo za maji. Kila mita ya ujazo ina uzani wa tani moja. Kwa hiyo maji yanaliinua kwa nguvu ya tani 4 hivi, na gari lenyewe ni la tani mbili na nusu. Kabla maji hayajaingia ndani, linataka kuelea! Magurudumu yakishaacha ardhi, gia ndogo, difu na kompyuta havina kazi tena. Ndiyo sababu wataalamu huonya kwamba maji yanayokwenda kasi, yenye kina cha sentimita 60 tu, yaweza kusomba magari mengi, makubwa yakiwemo.

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na mto Enziu karibu na Mwingi, kaunti ya Kitui. Watu zaidi ya 30 walikufa maji. Basi ni zito kuliko gari lolote la kifahari. Na mwanzoni mwa Mei 2024, huko huko Mara, mto Talek ulivunja kingo zake ukaingia katika kambi za watalii, hata ikabidi helikopta ziitwe kuwaokoa wageni. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Kabla hujafunga safari

Basi msomaji, tukirudi kwenye swali letu, jibu ni hili: baadhi ya magari haya yanaweza kweli, mengine yamevaa tu koti la wanaoweza, na yote yanategemea tairi na aliyeshika usukani. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Ikiwa unataka kukodi au kuazima gari la kuwapeleka watoto Mara, usiulize kwanza bei yake wala rangi yake. Uliza kama lina gia ndogo. Inama utazame tairi, uone kama ni za lami au za udongo. Fungua nyuma uone spea kamili, jeki, sepetu na kamba ya kuvutia. Beba maji ya kunywa na chakula cha ziada, kwa maana mtoto hajui habari za difu, yeye anajua njaa. Machi hadi Mei, mvua zikiwa nyingi, ni afadhali gari la familia liachwe langoni au mjini na mzunguke mbugani na dereva wa watalii katika gari lake la kazi. Dereva huyo amepita pale jana, na atajua leo pamebadilika nini. Kumbuka pia kwamba ndani ya mbuga ni marufuku kuacha njia na kukata nyasi, hata gari lako liwe na nguvu kiasi gani.

Na mkifika penye mto uliofura, hata kama nyuma yenu kuna magari kumi yanayopiga honi, na hata kama la mbele limevuka, zimeni injini, shukeni, mtandike leso kwenye nchi ya juu mle vile vyakula mlivyobeba. Mafuriko ya mvua hupungua baada ya saa chache. Watoto watalalamika kidogo kwamba mmechelewa kuwaona simba. Waacheni walalamike.